Pumzi Niliyoificha



Katika mfuko wa kanzu yangu kuna vitu viwili ambavyo siachani navyo: rozari na inhela ya bluu. Rozari nilipewa na mama siku ya Komunyo yangu ya Kwanza. Inhela niliinunua mwenyewe, lakini ugonjwa unaonifanya niibebe nao umetoka kwa mama, na yeye aliupata kwa baba yake. Kwa miaka mingi rozari niliishika mbele za watu, na inhela niliificha. Nataka kuwasimulia kilichonipata kwa sababu ya kuificha, na namna ninavyoishi leo baada ya kuacha kuificha. Nawaandikia mafrateri wenzangu, na pia waamini wa parokiani, hasa mzazi ambaye usiku huu atasikia kifua cha mtoto wake kikilia naye atanyamaza.

Nimezaliwa milimani Umatengo, wilaya ya Mbinga. Kwetu ni baridi, na mwezi Juni na Julai ukungu hukaa mabondeni hadi saa nne asubuhi. Watu wanalima kahawa, na kwenye miteremko wanalima ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mlima mzima ili mvua isiondoke na udongo. Ni kazi ngumu ya jembe, na njia zote ni za kupanda na kushuka. Katika nchi ya namna hiyo mtu hupimwa kwa kifua chake. Anayepanda na gunia begani bila kupumzika anasifiwa. Anayesimama kila baada ya hatua ishirini, akishika magoti na kutweta, huambiwa ni mvivu. Akiendelea hivyo kwa muda, watu huanza kunong'ona kwamba kuna mtu anamchezea.

Babu mzaa mama alikuwa mmoja wa hao wa kusimama njiani. Hakuna aliyeuita ugonjwa wake pumu. Walisema tu, "Mzee ana kifua." Baada yake alifuata mama, kisha mjomba wangu mkubwa aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu tumezaliwa watoto watano, na kifua hicho tumekirithi wawili: mimi na mdogo wangu wa mwisho, wa kike. Baadaye nilielezwa hospitali kwamba pumu hairithiwi kama shamba, kwamba lazima mtoto fulani apate. Kinachorithiwa ni mwelekeo. Vinasaba vingi vinahusika, si kimoja, na mtoto ambaye baba au mama yake ana pumu yuko katika uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata. Kisha mazingira huongeza yake: moshi wa kuni, vumbi, baridi, mafua ya utotoni. Jikoni kwa mama hapakuwa na dirisha. Nadhani mimi na mdogo wangu tulivuta moshi kabla hatujajua kutembea.

Mjomba alifariki nikiwa na miaka saba. Ilikuwa usiku wa mwezi Julai, amekuja kulala kwetu. Nakumbuka mlio wa kifua chake ukisikika hadi chumba cha watoto, kama filimbi inayopulizwa mbali. Nakumbuka ameketi kitandani, mikono ameitegemeza kwenye magoti, mabega yakipanda na kushuka. Hakuweza kumaliza hata neno moja. Baba alitoka kutafuta gari. Kabla hajarudi, ile filimbi ilinyamaza. Mimi mtoto nilifikiri amepata nafuu.

Wiki mbili kabla ya hapo mjomba alikuwa amegombana na jirani yetu, mama mmoja mjane, kuhusu mpaka wa shamba la kahawa. Matanga hayajaanuliwa, jibu la kifo lilikuwa limeshapatikana. Hakuna aliyelisema kanisani, lakini kila mtu alilijua. Tangu siku ile nyumba yetu na nyumba ya yule bibi hazikuombana tena chumvi wala moto. Alihama Jumuiya yetu Ndogo Ndogo akaenda kusali na ya upande wa pili wa bonde. Siku za Dominika, wakati wa kutakiana amani, nilimwona mama akigeukia upande mwingine ili mikono yao isikutane. Nilikua nikijua hivyo: mjomba aliuawa na mtu, na mimi nina kifua kama chake.

Nikaenda seminari ndogo na siri yangu. Nilipobanwa nilimeza vidonge ambavyo mama alininunulia duka la dawa. Nilikuwa kidato cha tatu tabibu mmoja aliponiandikia inhela ya bluu kwa mara ya kwanza. Niliitumia kwa kujificha chooni. Sababu moja ilikuwa aibu. Sababu nyingine ni yale tuliyoambizana vijijini kwamba inhela ni ya mtu aliyefikia mwisho, na kwamba ukiianza mapafu yanaizoea, hutaweza kuishi bila hiyo. Kwa hiyo nilivuta mara moja pale ambapo ningepaswa kuvuta mara mbili, na nilisubiri hadi nimezidiwa ndipo nivute.

Nilipoomba kujiunga na seminari kuu, nilipewa fomu ya afya. Swali mojawapo liliuliza kama nina ugonjwa wowote wa kudumu. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nilimkumbuka kijana mmoja wa kwetu aliyerudishwa nyumbani kutoka malezini, na jinsi watu walivyomwangalia sokoni. Nikaandika: Hapana. Kisha nikaenda kusali Rozari nimshukuru Mama Maria kwa wito wangu.

Uongo ule uliishi miezi minane.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi Mei, mwaka wa kwanza wa falsafa. Asubuhi kwenye kazi za mikono kundi letu lilipangiwa ghala, kufagia na kupanga magunia ya mahindi mapya. Vumbi la mahindi makavu lilijaa hewani kama unga. Wenzangu walifunga vitambaa puani. Mimi sikufunga, nisije nikaonekana dhaifu. Alasiri tulicheza mpira dhidi ya darasa la pili, na nilikimbia kuliko siku zote, kwa sababu hiyohiyo. Jioni tukawa na Masifu na Baraka ya Sakramenti Kuu, na zamu ya chetezo ilikuwa yangu. Nilipiga magoti mbele ya altare nikiwa nimeshika minyororo, moshi wa ubani ukinipanda usoni, nikahisi kifua kinafungwa polepole kama mtu anayekaza mshipi. Niliimba kwa kufumbua midomo tu.

Usiku, wakati wa silensio kuu, nilivuta inhela chini ya blanketi. Haikutoa kitu. Nilikuwa nimeitumia kila siku kwa wiki kadhaa na sikuwa nimehesabu. Niliketi kitandani nikitegemeza mikono kwenye magoti. Baada ya muda nilitambua kwamba nimekaa vilevile alivyokaa mjomba. Bado sikumwamsha mtu. Wasomaji wangu, hilo ndilo linalonitisha hadi leo kuliko ugonjwa wenyewe: nilikuwa nakata pumzi, na mawazo yangu yalikuwa kwenye fomu.

Frateri wa kitanda cha jirani ndiye aliyeamka. Hakuuliza ruhusa ya kuvunja silensio. Aliwasha taa, akaniona midomo, akapiga kelele bweni zima. Walinibeba hadi kwenye pikapu ya seminari, na mmoja akaniweka mgongo wangu kifuani kwake ili nisilale chini. Njia nzima alikuwa akisema "Salamu Maria" sikioni mwangu taratibu sana, nami nikajaribu kupumua kwa kufuata maneno yake.

Hospitali nilipewa oksijeni, dawa ya mvuke kwa mashine, na sindano. Asubuhi nilikuwa hai. Sista muuguzi aliyekuwa zamu alivuta kigoda akaketi. Akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwonyesha inhela tupu ya bluu.

"Nyingine iko wapi?"

"Sina nyingine, Sista."

Akatikisa kichwa. "Basi wewe kila siku unazima moto, lakini kuni hujaziondoa."

Alinieleza jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kuugua sikuwahi kuelezwa. Mirija ya hewa ya mtu mwenye pumu imevimba kidogo kwa ndani hata siku anapojiona mzima. Inapoguswa na kichokozi, iwe vumbi, moshi, hewa ya baridi, mafua au harufu kali, misuli inayoizunguka hubana, ute huongezeka, na njia hubaki nyembamba. Hewa huingia kwa shida na hutoka kwa shida zaidi. Ndiyo maana ile filimbi husikika hasa mtu anapotoa pumzi. Na filimbi ikinyamaza ghafla huku mgonjwa bado anahangaika, hiyo si nafuu. Maana yake hewa haipiti tena. Sista aliposema hivyo niligeukia ukutani, kwa sababu nilikuwa tena na miaka saba, nasikiliza chumba cha pili.

Inhela ya bluu, salbutamol, hulegeza misuli kwa saa chache tu. Haiponyi uvimbe. Uvimbe hutulizwa na dawa nyingine ya kuvuta ambayo kwangu huja katika inhela ya kahawia. Hiyo hutumika kila siku, asubuhi na jioni, ujisikie vibaya au ujisikie mzima, na faida yake haionekani siku ya kwanza; huja baada ya siku na wiki. Tangu mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu haishauri tena mtu mzima ategemee bluu peke yake. Wala si kweli kwamba inhela ni ya anayekufa, au kwamba inamfanya mtu mtumwa. Dawa inakwenda moja kwa moja mahali penye shida, kwa kiasi kidogo kuliko kidonge. Sista alinifundisha na namna ya kuvuta: kutikisa, kutoa pumzi yote kwanza, kubonyeza huku navuta polepole, kuzuia pumzi nikihesabu hadi kumi, na baada ya ile ya kahawia kusukutua mdomo na kutema maji. Kisha akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akatoboa kitako chake kwa kiasi cha mdomo wa inhela, akaniambia nivutie kwa upande wa pili. Dawa haikubaki tena kooni. Nilikuwa nimevuta vibaya miaka minne.

Nilirudi seminarini siku ya tano, na siku hiyohiyo Padre Gambera akaniita ofisini. Fomu yangu ilikuwa mezani.

"Frateri, hapa uliandika nini?"

"Niliandika hapana, Padre."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kurudishwa nyumbani."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 241, inamtaka askofu aangalie, pamoja na mambo mengine, afya ya mwili na ya akili ya yule anayempokea. "Haisemi awe mtu asiyeugua," alisema. "Lakini nitaangalia vipi kitu ulichonificha? Na kesho ukiwa padre, ukikutana na jambo la kukuaibisha, waamini nao utawajibu hapana?" Sikuwa na la kusema. Aliniambia suala langu litakwenda kwenye baraza la walezi, niendelee na masomo huku nikisubiri.

Nilisubiri wiki tatu. Kila gari lililoingia getini nilifikiri limekuja kunichukua. Lakini katika wiki hizo hizo kitu kilikuwa kimetokea bila mimi kukipanga: watu wote walijua. Sikuwa tena na cha kulinda. Nilivuta dawa yangu ya asubuhi hadharani, karibu na mabomba ya kunawia uso, na hakuna aliyekimbia. Frateri mmoja wa mwaka wa tatu alinifuata jioni akaniambia kwa sauti ndogo kwamba yeye ana kifafa, na kwamba anayejua ni Gambera na baba wa roho tu. Mwingine akasema mama yake ana pumu, akaomba nimwelekeze ile chupa. Nilianza kuelewa kwamba nilijinyima hewa mara mbili: ya mapafuni, na ile ya kuishi na ndugu.

Walezi waliamua niendelee, kwa masharti matatu. Nitumie dawa ya kila siku bila kukosa. Niende kliniki kila baada ya miezi mitatu. Na niwafundishe wenzangu wa bweni cha kufanya nikizidiwa. Pia niliondolewa kwenye zamu ya ghala na ya chetezo, nikapangiwa bustani ya mboga na kuimbisha zaburi. Hilo la chetezo liliniuma kwa muda, maana nilipenda ile huduma. Mlezi wa liturujia akanikumbusha kwamba hata Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi, namba 276, unasema ubani unaweza kutumika. Hausemi ni lazima. Zaburi nazo, alisema, zinahitaji pumzi, kwa hiyo nitunze yangu.

Sasa niseme habari ya mpira, kwa sababu wengi huuliza. Nilidhani nimeuaga. Sista akanikatalia: mtu mwenye pumu iliyotulizwa anapaswa kuutumia mwili wake, na akikaa tu kifua huzidi kudhoofika. Akanipa mfano wa Paula Radcliffe, Mwingereza mwenye pumu tangu utotoni, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake mwaka 2003 kule London, saa 2 dakika 15 na sekunde 25. Rekodi hiyo ilidumu miaka 16, hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago. Mimi sikuwa na rekodi ya kuvunja. Nilianza kwa kuzunguka kiwanja kwa miguu, baadaye kwa mwendo wa kukimbia polepole, kila wiki nikiongeza kidogo. Kabla ya mechi navuta bluu mara mbili, kama robo saa mbele, kisha napasha mwili moto taratibu badala ya kuruka moja kwa moja uwanjani. Siku ya mafua sichezi. Siku ya vumbi kali sichezi. Siku nyingine nacheza namba mbili, na mara nyingi namaliza dakika zote. Wenzangu hunitania kabla ya filimbi ya mwamuzi: "Frateri, mafuta umeweka?" Nawaonyesha kidole gumba. Huko ndiko kutunzwa na ndugu. Hakuna heshima yangu iliyopungua.

Mtihani mkubwa ulikuwa mwaka wa kichungaji. Nilipelekwa parokia ya milimani yenye vigango saba. Kile cha mbali kilifikiwa kwa pikipiki hadi mtoni, kisha kupanda kwa miguu saa moja na nusu. Baba Paroko nilimweleza hali yangu siku ya kwanza, kabla sijafungua begi. Akaniambia, "Vizuri umesema. Hutapanda peke yako." Akanipa mzee katekista wa kigango hicho, aliyekuwa akishuka kunisubiri mtoni. Mzee alitembea polepole sana, nikajua anafanya hivyo kwa ajili yangu. Siku moja nikamwambia aende mwendo wake. Akacheka: "Frateri, huu ndio mwendo wangu. Mlima haukimbizwi." Nilipanda mlima ule zaidi ya mara ishirini.

Mara moja sikufika. Ilikuwa mwezi Oktoba, watu wanachoma mashamba, na moshi ulikuwa umelala kwenye bonde lote. Katikati ya njia kifua kikaanza kulia. Nilivuta dawa, nikakaa juu ya jiwe, nikapata nafuu, lakini nilijua nikiendelea juu nitaingia kwenye moshi mzito zaidi. Kijana yule wa falsafa angeendelea. Mimi nilimwambia mzee, "Baba, leo siwezi." Akachukua kitabu cha ibada akapanda, akaongoza Ibada ya Neno mwenyewe kama alivyofanya miaka mingi kabla sijazaliwa. Nilibaki kwenye jiwe na huzuni yangu. Baada ya ibada niliona watu wanashuka kwa mstari: wanakwaya, akina mama, watoto. Walileta chai kwenye chupa na viazi vilivyofungwa kwa majani. Nilikuwa nimekwenda kuwahudumia, wao wakashuka kunihudumia mimi. Katika homilia zangu zote za mwaka ule sidhani niliwahi kuwafundisha kitu kikubwa kama walichonifundisha wao siku ile.

Kuna fundisho moja ambalo sisi Wakatoliki hulitumia vibaya. Tunamwambia mgonjwa, "Ubebe msalaba wako," naye anaelewa kwamba asitafute dawa, au akipata asiitumie, ili ateseke vizuri. Mimi mwenyewe nilijidanganya hivyo. Lakini Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, na anatuambia dawa zimeumbwa na Mungu na mwenye busara hazidharau. Kuvuta dawa ya kahawia kila siku, hata siku ninapojiona mzima, kumekuwa kwangu zoezi la unyenyekevu kuliko mifungo mingi niliyofunga. Msalaba wangu haukuwa kukosa hewa. Ulikuwa kukubali kwamba ninahitaji msaada maisha yangu yote.

Nafarijika pia na waliotutangulia. Mtakatifu Bernadeta wa Lurdi alikuwa na pumu tangu utotoni. Tarehe 11 Februari 1858, akiwa na miaka 14, alikwenda kuokota kuni na mdogo wake na rafiki yao. Wenzake walivuka maji ya baridi. Yeye alibaki nyuma, akisitasita kuvua soksi, kwa kuwa alikuwa na kifua. Akiwa pale, nyuma ya wenzake, ndipo alipomwona Bikira Maria pangoni kwa mara ya kwanza. Baadaye aliingia utawani Nevers, akahudumu kwenye chumba cha wagonjwa na sakristia, hadi alipofariki mwaka 1879 akiwa na miaka 35. Siku hiyo ya 11 Februari ndiyo Kanisa linaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani. Papa Fransisko naye, akiwa kijana, aliondolewa sehemu ya pafu la kulia. Aliomba kutumwa Japani kama mmisionari akakataliwa kwa sababu ya afya yake. Mwaka 2023, akiwa na miaka 86, alikuja Kongo na Sudan Kusini kwenye kiti cha magurudumu. Mlango mmoja ulifungwa. Utume wake haukufungwa.

Kwa ndugu zangu wa parokiani naomba machache. Mtoto anayekohoa kila usiku au kulia kifua akikimbia, mpelekeni kituo cha afya, msimsubirie akue. Jiko la kuni liwekeeni dirisha, na mtoto asikae humo. Mtu akibanwa mketisheni wima, msimlaze, msimzunguke, mpeni dawa yake, na asipopata nafuu haraka mkimbizeni hospitali. Watumishi wa altare, ubani kidogo unatosha, na madirisha yafunguliwe. Na wewe frateri au kijana unayejaza fomu, andika ukweli. Unaweza kuulizwa maswali, unaweza kusubiri, hata ukaambiwa njia yako ni nyingine. Hayo yote yanavumilika. Usiku ule wa Mei ningeweza kufa nikiwa na ndugu kumi na wanane chumba kimoja, bila hata mmoja kujua ninaumwa nini.

Nimalizie na nyumbani. Likizo ya kwanza baada ya hospitali nilikaa na mama jikoni. Nilimweleza yote niliyoelezwa na Sista: uvimbe, misuli, filimbi, na maana ya filimbi inaponyamaza. Nilimwambia kuhusu babu, yeye, mjomba, mimi na mdogo wangu, kwamba tumebeba kitu kimoja. Mama aliacha kuchambua maharage.

"Kwa hiyo kaka yangu hakurogwa," alisema.

"Hapana, mama. Alikuwa na pumu, na usiku ule hakuwa na dawa."

Hakusema tena. Siku ya tatu niliporudi kutoka Misa ya asubuhi, nilimkuta amevaa kitenge chake cha Dominika, ana sukari kilo mbili kwenye mfuko. Aliniomba nimsindikize. Tulivuka mpaka wa kahawa, ule uliogombewa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Yule bibi alikuwa amezeeka na macho yake hayaoni vizuri. Alimtambua mama kwa sauti. Mama alipiga magoti pale mlangoni akaanza kulia kabla ya maneno. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mmechelewa sana, wanangu. Ingieni ndani."

Tuliingia. Mama naye siku hizi anatumia dawa ya kahawia, asubuhi na jioni, na jiko lake lina dirisha. Bibi amerudi kwenye Jumuiya yetu. Na mimi, mbele ya altare au uwanjani, inhela yangu iko mfukoni pamoja na rozari, na yeyote anayetaka kuiona nitamwonyesha.